Mkono Chini ya Taa

Mume wangu Garnet hajawahi kusoma karatasi ya maelekezo tangu nimjue, na nimemjua miaka thelathini na minane. Mashine ya kufulia aliifunga kwa kubahatisha. Kitanda cha wageni alikiunga miguu ya mbele nyuma. Mara moja alimeza dawa ya farasi kwa sababu kopo lilifanana na lake. Kwa hiyo siku alipotimiza miaka sitini na sita, nilipompa taa mpya, nilipaswa kumkalisha kitako nimsomee kile kijitabu neno kwa neno. Sikufanya hivyo. Nilimkatia keki, nikambusu upara, nikaenda kulala na furaha yangu. Wiki saba baadaye Malasha alikuwa anakufa.

Malasha ni mmea wa bangi. Najua wapo watakaoguna hapo, na waache wagune. Sheria yetu inaruhusu kila nyumba mimea minne, na sisi tunayo minne kamili, tena nimeihesabu mwenyewe. Mitatu ni ya kuvuna. Wa nne ndiye mama, ambaye havunwi, anakatwa vijiti tu vya kupanda. Ukikata kijiti cha Malasha ukakiotesha mizizi, huyo si mtoto wake, ni yeye mwenyewe. Mama akizeeka, kijiti kimoja kinashika nafasi yake, na mambo yanaendelea. Ndivyo alivyokaa hai tangu mwaka 1987, alipotokea kwenye mbegu moja aliyoiokota Orrin, kaka yake Garnet. Hajawahi kufa hata siku moja.

Jina ni la bibi yangu. Bibi Malasha Zaitsoff alikuwa Mduhobori wa kweli, wa lile dhehebu la Kikristo la Kirusi: hakunywa pombe, hakuvuta, hakula nyama, na Jumapili alikuwa anaimba zaburi mpaka madirisha yanatetemeka. Orrin na Garnet walipanga chumba cha chini ya nyumba yake, wakamwambia wanalima nyanya.

"Nyanya gani hizo zinazotaka taa ndani ya nyumba?" Bibi aliwauliza.

"Za kisasa, Bibi," Orrin akajibu bila kupepesa macho.

Basi Bibi akaziona hizo nyanya zinatia huruma, kukaa huko chini bila jua wala mtu. Kila Jumapili alishuka ngazi, akakaa juu ya sanduku la viazi, akaziimbia. Msimu ulipoisha alidai nyanya zake. Orrin aliendesha lori saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, akamletea sanduku zima la nyanya za dukani, nyekundu, zimepangwa vizuri. Bibi akapika borshi, supu yetu ya kabichi na nyanya, akawakaribisha, akawaambia nyanya ni nzuri ila zimekosa harufu ya kule chini. Mpaka leo sijui kama alijua.

Mimi ndiye niliyetumwa siku hiyo kwenda kuwaita chakula kiko tayari. Nikashuka ngazi, nikamkuta Garnet amesimama chini ya taa ya rangi ya chungwa, mkono ameunyoosha juu ya jani la juu kabisa, kiganja chini, anahesabu kwa sauti. Orrin alikuwa pembeni yake anamfundisha. Weka mgongo wa mkono mahali ilipo ncha ya mmea. Hesabu mpaka thelathini. Ukiungua, pandisha taa. Ukihisi joto zuri kama la mkate uliotoka kutolewa, iache hapo. Usipohisi kitu, ishushe. Garnet alifika kumi na tisa, akaniona, akapoteza hesabu. Orrin akacheka mpaka akashika ukuta.

Orrin alikufa mwaka 1994, kwenye barafu, na lori lake la magogo. Aliacha koti, gitaa lisilo na nyuzi mbili, Malasha, na kanuni moja: Malasha hatoki. Maua yake mpe unayemtaka, kijiti usimpe mtu. Enzi zile ilikuwa kanuni ya busara. Kijiti kikienda kwa mtu, na maneno yanaenda, na helikopta za polisi zilikuwa zinapita juu ya bonde letu kila Agosti. Sheria ilipobadilika, bonde zima lilianza kupeana vijiti kama watu wanavyopeana mbegu za maboga. Garnet alikataa. Ungedhani Orrin bado amesimama mlangoni.

Sasa nirudi kwenye taa. Ile ya zamani ya sodiamu ilikuwa moto mtupu. Mbao za dari juu yake zilikuwa zimebadilika rangi, zimekuwa kahawia, na mimi kila nikipanda kitandani nilikuwa nanusa kama kuna moshi. Nikamnunulia hii ya LED, bapa, nyeupe, isiyo na kelele.

"Nzuri sana, Dereva," alisema. Ananiita Dereva kwa sababu niliendesha basi la shule miaka ishirini na minane.

"Umeipenda kweli?"

"Nimeipenda. Mwanga wake kama wa hospitali, lakini nimeipenda."

Akaifunga siku hiyohiyo. Kijitabu kikabaki kwenye boksi, na boksi likaenda stoo.

Wiki ya tatu majani ya juu ya Malasha yalianza kupauka. Wiki ya nne yalikuwa meupe kabisa kwenye ncha, kingo zimejikunja juu kama mtu anayekinga mvua kwa viganja. Mitatu mingine ikafuata. Garnet akasema wana njaa. Akawaongezea mbolea. Wakazidi kupauka, akaongeza tena, na ncha za majani ya chini nazo zikaungua. Mwanamume huyu amelima miaka karibu arobaini. Anaweza kupita mlangoni kwa mtu akakwambia kwa pua tu kwamba huko ndani feni imesimama. Nilimwona akikaa juu ya sanduku la viazi la Bibi, miwani mkononi, anaangalia mmea kama anayeangalia mtoto mwenye homa, na moyo wangu ukauma.

"Si taa kweli?" nilimuuliza siku moja nilipomshushia chai.

"Taa haina kosa."

"Mzee, niambie tu. Sitakasirika."

"Nimekwambia taa haina kosa. Taa ni nzuri. Umenipa wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata kama taa ingekuwa inamwaga petroli, asingesema. Angeuacha mmea wa kaka yake ufe kuliko kuniambia zawadi yangu mbaya. Nilimpenda kwa hilo, na nilitaka kumpiga na birika.

Nikapanda stoo, nikachomoa boksi, nikakaa kwenye ngazi na kijitabu. Mimi ni mtu wa orodha. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na minane nilikagua matairi, breki, vioo, taa, mlango wa dharura, ndipo nikawasha injini. Ukurasa wa nne, kwa herufi nene, ulisema taa hii haitoi joto kwa chini, na kwamba urefu wake upimwe kwa rula au kwa kipima mwanga, usipimwe kwa mkono. Uanzie sentimita sitini.

Nilishuka na rula ya kushonea. Sentimita kumi na nane.

"Garnet," nilisema, "hii umeipima vipi?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kijiko anakishika vipi. Akaweka mgongo wa mkono juu ya jani. "Sihisi kitu. Nikashusha. Bado sihisi kitu. Nikashusha tena." Nilimpa kijitabu, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena. Mkono wake ulikuwa bado chini ya taa, mweupe kama wa maiti kwa ule mwanga.

"Haina joto," alisema polepole.

"Haina."

"Kwa hiyo nimemchoma kwa mwanga mwezi mzima, halafu nikamlisha chumvi ya mbolea juu yake."

"Hukujua."

"Mtoto wa juzi asingefanya kosa hili, Dereva. Angesoma. Kosa hili linataka miaka arobaini."

Akapandisha taa mpaka karibu na dari. Akasafisha mizizi kwa maji matupu. Akakata vijiti kumi na viwili kutoka matawi yaliyokuwa na uhai kidogo, akavipanda kwenye trei, akavifunika kwa plastiki ili vipate unyevu. Kwa kawaida Malasha anatoa mizizi siku ya tisa. Siku ya kumi na nne havikuwa na kitu. Siku ya ishirini vilikuwa vyeusi chini, ukivuta kimoja kinatoka kama uzi kwenye siagi. Ile mitatu mingine ilikuwa imeshatupwa. Mama mwenyewe alibaki na matawi mawili, na shina lake likaanza kulainika usawa wa udongo.

Garnet hakulalamika. Alianza kuzungumza habari za Orrin kwa wakati uliopita. Huenda hilo lisikushangaze, mtu amekufa miaka mingi. Lakini Garnet hakuwahi kuzungumza hivyo. Kwake ilikuwa "Orrin anapenda hivi", "Orrin hawezi kukubali vile". Jumatano moja, tukila maandazi yetu ya viazi na kabichi, alisema, "Orrin alikuwa anapenda krimu nyingi." Nikaweka uma chini.

Sasa ni lazima nieleze nilichokifanya miaka kumi na moja iliyopita.

Elmer Strelaeff ni rafiki wa Garnet tangu ujana, fundi bomba mstaafu, anakaa kilomita kumi na mbili juu ya bonde. Mkewe Nastya alipougua saratani, dawa zilimfanya akatae chakula. Kitu pekee kilichomfungulia hamu ya kula kilikuwa Malasha. Garnet alimpelekea maua bure, mtungi baada ya mtungi, na hakuwahi kumhesabia. Lakini barabara ya kwao inafungwa na theluji wiki nzima nzima, na Elmer ni mtu wa haya. Akaja kuomba kijiti kimoja, ajipandie mwenyewe. Garnet akamwambia atamletea maua hata kwa miguu, ila kijiti hapana. Elmer akatikisa kichwa, akavaa kofia, akaondoka. Nilimwona kupitia dirisha, amekaa ndani ya gari lake, hawashi injini.

Kesho yake Garnet alikwenda kukata kuni. Nilishuka, nikakata kijiti, nikakifunga kwa kitambaa kibichi, nikakitia kwenye kopo la krimu, nikalipeleka kwa Elmer chini ya kabichi mbili. Nastya alikula vizuri majira yale ya baridi. Alikufa Mei. Sikumuuliza Elmer tena habari ya kijiti, na yeye hakuwahi kukitaja. Siri yenyewe ilitufanya tuwe tunasalimiana kwa haraka.

Kwa hiyo jioni ile ya krimu nilijua mambo mawili. Huenda Malasha yuko hai kwa Elmer. Na nikisema hivyo, Garnet atajua kwamba mtu pekee aliyemwaminia ule mlango wa chini ndiye aliyemtoa Malasha. Nilifikiria kumpigia Elmer simu kwanza, nijue kama ina maana kujianika. Lakini hapo ningekuwa na siri mbili. Nikamwambia palepale, sahani zikiwa mezani.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama, akaosha sahani yake, akaosha na yangu, akazipanga.

"Miaka kumi na moja," alisema.

"Ndiyo."

"Na kila Septemba, tukienda ukumbini siku ya mitungi, kila mkulima na maua yake, mimi nasimama pale najisifu kwamba hakuna mwingine duniani mwenye Malasha, wewe umekaa pembeni yangu unanishangilia."

"Nilikuwa nakushangilia kwa kweli."

Siku mbili hakusema nami ila "chumvi" na "mlango". Aliniwashia gari asubuhi lipate moto, kama kawaida yake, kisha akarudi ndani bila neno. Siku ya tatu alipanda ngazi akiwa amebeba ndoo. Ndani yake alikuwa Malasha, shina limekatika lenyewe, majani yamelala.

"Nipeleke," alisema.

Njiani theluji ilikuwa inayeyuka, barabara tope tupu. Garnet alishika ndoo magotini. Nilitaka kumwambia kwamba huenda hakuna kitu huko, kwamba Elmer ni fundi bomba na hajawahi kuweka hai hata ua la dirishani. Sikuthubutu. Nilikagua vioo mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Elmer alifungua mlango, akamwona Garnet, akaona ndoo, akaniangalia mimi. Rangi ikamtoka.

"Shemeji," aliniambia, "umesema?"

"Nimesema."

"Bwana Garnet, kama ni kunipiga, ngoja nivue miwani. Ni mpya."

"Nani akupige wewe, utavunjika. Yuko hai?"

Elmer alitembea kwenye korido, nasi nyuma yake, mpaka kwenye kabati la kufulia. Akafungua mlango. Juu ya mashine, kati ya sabuni na kikapu cha soksi, kulikuwa na ndoo ya rangi, na juu yake mirija miwili ya taa kama ile ya jikoni, imefungwa kwa waya. Ndani ya ndoo kulikuwa na mmea mfupi, mwembamba, umeinama upande mmoja, sura ya mtu aliyelala kwenye kiti. Lakini ulikuwa kijani.

Garnet aliweka ndoo yake chini. Akasugua shina kwa kidole gumba, akanusa kidole. Akanusa tena. Hakutuangalia.

"Mungu wangu, Elmer," alisema mwishowe. "Umemfanya nini? Anafanana na fagio."

"Mimi ni fundi bomba."

"Miaka kumi na moja umemfungia na soksi?"

"Ningempeleka wapi? Si wangu. Nikimpeleka ukumbini utamjua kabla sijafungua mtungi." Elmer alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Simvuni, bwana. Sijamvuna tangu Nastya aondoke. Kila mwaka namkata kijiti, nampanda, basi. Nastya alikuwa akija hapa kufua anamsemesha. Nikaona nikimwacha afe, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Garnet akamshika Elmer shingoni kwa nyuma, kama watu wanavyomshika mbwa wanayempenda, akamtikisa kidogo, na wakabaki hivyo, wazee wawili mbele ya mashine ya kufulia.

"Mkasi," Garnet alisema.

Elmer akautafuta, akampa. Garnet akaugeuza, akaninyooshea mimi upande wa kushikia.

"Kata wewe, Dereva. Mkono wako ndio uliozoea kumtoa."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na nikakata vibaya kile cha kwanza. Alinirekebisha pembe ya mkasi. Nikakata kijiti cha pili, cha tatu, cha nne, nikasimama.

"Mbona unasimama?" aliuliza.

"Sheria. Minne."

"Minne ni yetu. Kata na vya watu wengine. Septemba ni mbali, lakini wapo watakaovitaka kabla." Akafikiri. "Ila kila anayechukua akae asikilize habari za Bibi na nyanya. Asiyetaka kusikiliza, hapati."

Tulivirudisha nyumbani kwenye kopo la krimu. Elmer ndiye aliyelitafuta, akadai ni lilelile, na mimi sikubishana. Siku ya tisa mizizi ilitoka, myeupe, minene kama tambi.

Tulipovihamishia vijiti vyetu vinne chini, nilikwenda na rula yangu. Nikafunga kamba kwenye taa, na fundo kwenye sentimita sitini, ili fundo likigusa jani mtu ajue umbali ni huo. Garnet aliangalia fundo, akakubali kwamba ni kazi safi. Kisha akanyoosha mkono juu ya mmea mdogo kuliko yote, mgongo juu, kiganja chini.

"Mzee," nikamwambia, "hutahisi kitu."

"Najua."

"Kamba imeshapima."

"Najua, Dereva. Moja. Mbili. Tatu."

Nikaweka mkono wangu kando ya wake. Taa haikuwa na joto hata kidogo. Alipofika kumi na tisa aliniangalia, akapoteza hesabu, na ikabidi tuanze upya.